Kidole cha Nemesio

Kwa kinyozi Eladio, mjini Matanzas,
nimenyolewa upande mmoja tangu saa nne.
Wembe uko hewani, unapiga hesabu:
"Ubaldo Ferrán! Mechi kumi na moja
wapinzani walitoka kapa,
na bega lenyewe bovu!"

Fundi viatu wa jirani ameingia na soli mkononi:
Ubaldo alirushia vibonde.
Casimiro, huyo ndiye, mpira wake
ulifika kabla ya mlio wake.

Na yule wa mkono wa kushoto, wa mashamba ya miwa,
ambaye hakuna aliyemwandika?

"Asiyeandikwa hakurusha," anasema Eladio,
na povu linanikaukia shavuni.

Wakamgeukia Nemesio, mdakaji wao wote watatu,
aliyeingia kukwepa jua tu.
Akanyoosha mkono kwenye picha ya Ubaldo ukutani,
ila kidole, alichokivunja Casimiro
mwaka wa mafuriko,
kiliunga kombo:
kikaipita picha, kikaonyesha mlango,
nje, barabara iendayo kwenye miwa.

"Basi," akasema.

Kidole kimoja hakivunji chawa;
kile hakikuvunja hata ubishi.
Upande wa pili nilinyolewa kwa hasira.