Daftari la Vipimo

Siku ya nne nalala kama kiti:
mgongo juu ya mito mitatu na gunia la vipande vya Aikande.
Nikikohoa nashika kifua kwa viganja viwili
kama mtu aliyebeba mayai ndani ya shati.
Chini ya kila kwapa unatoka mrija,
mwisho wa kila mrija kichupa,
ndani ya kichupa majimaji ya rangi ya juisi ya rozela.

Asubuhi na jioni dada yangu anavimwaga.
Anavaa miwani yake ya kutungia uzi, anasoma mistari,
anaandika kwenye daftari la wateja:
*kulia 35, kushoto 20.*
Juu yake, mwandiko uleule:
*Mama Ndeshi, gauni la kipaimara, kiuno 26, bado elfu nane.*

Masika yanapiga bati hapa Pasua.
Mlima sijauona tangu nirudi,
wala sijauulizia.

"Mgonjwa anaendeleaje?" wanauliza dirishani.
"Anaendelea. Amekula. Amelala."
Mguu wake hautoki kwenye kanyagio la cherehani.
Nasikiliza toka chumbani ile *a* ndogo
iliyonibeba tangu nizaliwe bila kuniuliza chochote.
Ugomvi ulikuwa na maneno mengine: binti, dada, shangazi.

Mama Ndeshi kaleta mtori,
ndizi zimepondwa, mafuta yanaelea,
mtori wa mzazi kabisa.
"Nimemzaa nani?" namnong'oneza Aikande.
Anacheka yeye, nacheka mimi, naumia mimi.
"Usinichekeshe, nitafumuka."
"Hufumuki."

Siku ya nane Haikaeli, nesi, anapitia baada ya zamu.
Vuta pumzi, anasema, kisha anavuta mrija,
na chini ya mbavu nahisi kinachohisiwa na pindo
uzi wa bandi unapochomolewa.
Halafu bendeji.
Mimi naangalia dari. Aikande anaangalia kifua
nilichokibana kwa kanga kuukuu miaka kumi na moja.
Anasogeza taa. Ananyamaza muda mrefu mno.

"Aliyekushona anajua kazi," anasema.
"Mishono midogo, sawasawa.
Ila hapa kulia amevuta uzi kidogo."

Ndipo nikashusha macho.
Uvimbe, manjano, zambarau,
chuchu mbili nyeusi kama buni zilizoungua kikaangoni.
Tambarare.
Tambarare, jamani.

Siku ya kumi na moja nililia tangu chai mpaka giza.
Sikuwa na sababu ya kumpa mtu.
Hakuniuliza kama najuta.
Aliniwekea kopo la vifungo mapajani:
vyeupe huku, vya rangi huku, vyenye matundu manne peke yake.
Vilipoisha akavichanganya tena.

Wiki ya tatu nawashwa mahali nisipohisi kidole.
Nakuna hapa, panaitikia kule mgongoni.
Sukari iko rafu ya juu; mikono haifiki;
nakunywa chai chungu kwa kiburi.
Ndoo ya maji naruhusiwa kuitazama tu.

Wiki ya tano mvua imepungua.
Ananiita chumba cha mbele: "Simama hapo."
Futi ya njano shingoni mwake, chaki sikioni.
Anafunua daftari, anapita ukurasa wenye jina nililobatiziwa,
haukati, hauchani, anaupita tu,
mpaka penye ukurasa mweupe.
"Jina?"
Kama anavyomuuliza mteja yeyote aliyeshuka Kiboriloni.

"Aminieli."

Anaandika polepole, ulimi pembeni mwa mdomo.
"Mikono juu." Inakomea masikioni.
"Inatosha. Pumua. Usivute tumbo, nitakushonea la uongo."
Futi inanizunguka, inalala bapa mbele,
baridi upande mmoja, upande wa pili sisikii kitu.
Anataja namba kwa sauti, mwenyewe anajijibu, anaandika.
"Vifungo kulia," anasema, wala si swali.

Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, anatafuta mkasi:
"Kitambaa unalipia mwenyewe."