Upande wa Kusini

Mume wangu anahesabu ribiti.
Hakadirii. Anahesabu kwa ncha ya sindano,
midomo ikimcheza kama ya mtu anayesali rozari,
na sisi ni Walutheri.

Nje ni Januari ya Dakota Kaskazini,
theluji imefika kwenye kitasa cha gereji.
Ndani, juu ya meza tunayopaswa kulia chakula,
behewa la mizigo la sentimita kumi na nne
limelala chali, magurudumu juu, kama mende.

Kila kitu kimegawanywa kwa themanini na saba:
ngazi, usukani wa breki, bomba la hewa
(waya mwembamba kuliko unywele wangu,
nao siku hizi hauna unene wa kujivunia),
na komeo la mlango, ambalo likidondoka kwenye zulia
tunapiga magoti sote wawili,
mimi wa sabini na tisa, yeye wa themanini na moja,
tukipapasa kwa tochi,
wala hakuna anayethubutu kupiga chafya.

Amekwisha kulivunja mara mbili.
Mara ya kwanza ni nusu milimita ya ukingo wa paa.
Verlyn, nilimwambia, nani ataona?
Akainua lile jicho lake kubwa la nyuma ya kioo.
"Mimi nimekwisha kuona."

Ushahidi wake wote ni picha moja
aliyopiga mjomba wake Torvald mwaka hamsini na mbili,
akisimama kaskazini, penye stesheni na benki
na nyumba zilizopakwa rangi.
Namba inasomeka. Mikwaruzo inasomeka.
Hata chaki ya karani wa mizigo inasomeka.
Upande huo ulimchukua siku kumi na tisa,
kutu akiisaga mwenyewe,
akiilaza kwenye mbao kwa pumzi yake.

Upande wa pili ukabaki kijivu, plastiki tupu.
Aliandikia majumba ya makumbusho.
Alimwandikia mjane wa fundi mmoja kule Minot.
Hakuna.
Upake tu kama huu, nilisema.
"Huo utakuwa uongo, Ardis."
Akaliweka rafuni, utupu ukitazama ukuta,
na wiki tatu nzima supu yangu haikuwa na chumvi ya kumtosha.

Hakuwahi kuniuliza mimi.
Miaka hamsini na saba ya ndoa, na amesahau
kwamba nilizaliwa kusini ya reli,
nyuma ya ghala la nafaka,
ambako hakuna aliyekuja na kamera.
Nilikuwa nikitambaa na ndoo chini ya mabehewa yale
kuokota ngano iliyomwagika, ya kuku wa mama.
Niliyajua matumbo yao
kabla yeye hajazijua mbavu.

Juzi usiku, nikimenya viazi, nikasema:
ubao wa nne kutoka chini, kushoto kwa mlango,
ulikuwa mpya. Bila rangi. Mweupe kama jino la bandia.
Na mtu alikuwa amechora kuku juu yake kwa msumari.

Kibano kikasimama hewani.
"Una hakika?"
Huyu ndiye aliyerudisha boksi zima dukani
kwa ajili ya ribiti moja.
Nina hakika, nikasema.

Hakudai picha.
Alichukua brashi yenye nywele tatu.

Sasa nakwambia wewe, si yeye:
ubao niliuona. Kuku namkumbuka,
maana msumari ulikuwa wangu.
Lakini mabehewa yalikuwa themanini, upepo ulikuwa wa kuangusha mtu,
na mimi sikuwa nikisoma namba.
Nilikuwa nikitazama ngano.

Asubuhi hii nimemkuta amelala kitini,
kidole gumba cheupe kwa rangi,
behewa likikauka, kusini yake ikitazama chumba.
Nimevaa miwani. Nimehesabu mbao kutoka chini.
Nne.
Mkia wa kuku umezidi.
Nitamwambia akiamka.