Siku ya Tatu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Leelo Kangur aliinama miaka thelathini na minne
juu ya hadubini moja, ghorofa ya pili, mjini Tartu,
hata shingo ikazoea kupinda
na kofia za baridi zikawa hazimkai sawa.

Mimi ni mwosha vioo.
Kazi yake naijua kwa mabaki:
maganda, wino mweusi kwenye sinki,
sindano nyembamba kuliko unywele,
duara la kikombe juu ya barua
isemayo *tunasikitika, fedha hazikutosha*.

Mto Emajõgi umeganda, na yeye huyo
na trei ya mayai ndani ya koti, kama kayaiba,
akihofia yasipoe kati ya gari na mlango.
Yai la siku moja na nusu hulikatia dirisha
la ukubwa wa kucha.
Kifaranga bado. Kuna mstari tu, mfano wa mshono,
na moyo ndio kwanza unajaribu kupiga.

"Tazama ushungi wa neva," aliniambia siku moja.
Nikachungulia. Seli zilibanduka mgongoni moja moja,
zikashuka gizani bila ramani,
hizi usoni, hizi matumboni, hizi juu ya figo.
Nikauliza, nani huziambia zisimame?
Akacheka. "Swali hilo ndilo mshahara wangu."

Majira yale feni ya kiangulio ilikufa usiku
na mayai mia mbili yakafa nayo.
Akaandika daftarini: *Feni. Kosa langu.*
Lilikuwa langu. Sijawahi kumwambia.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Seli nayo ikifika ugenini hupewa lake:
wewe uwe neva, wewe utoe homoni,
wewe ukaitie ngozi rangi.
Ila ziko zinazolikataa jembe.
Hula, huzaana, huita wenzao,
na nyumba yenyewe
ni mtoto wa miaka mitatu.

Basi akaacha mayai, akaenda kwenye saratani.
Wenzake wakanong'ona: kapotea njia, uzee huo.
"Sijahama," alisema, "namfuata mgeni yuleyule."

Helve alitoka Võru kwa basi, mwezi wa Machi,
viatu vimejaa theluji iliyoyeyuka.
Mwanawe Siim alizikwa miaka sita nyuma;
seli zake zilikuwa kwetu, ndani ya chupa
yenye namba, isiyo na jina.
Leelo akamshushia kiti, akamrekebishia lenzi.
Mama akatazama, akatazama.
"Zimenawiri," akasema.
Hakuna aliyejibu. Friji ilinguruma.

Wiki ile Leelo hakwenda nyumbani mapema hata siku moja.
Alidondoshea chupa zile tone la kitu
cha ukoo mmoja na rangi ya karoti,
akangoja. Siku ya tano, baadhi yake
zikaacha kuzaana, zikanyoosha mikono mirefu,
zikatafutana, zikashikana,
kama waliokumbuka walitumwa nini.
Baadhi. Nyingine zilikula tone na kuendelea.
Alizihesabu zote kwa mkono uleule,
zilizotii na zilizokaidi, hakupendelea.

Leo kastaafu. Keki ya beri,
hotuba ya mkuu wa idara iliyokosea mwaka.
Kaacha funguo, kaacha kiti kilichobonyea,
na daftari: ukurasa wa mwisho una asilimia,
*arobaini na moja*, na chini yake neno moja,
*zilizobaki*, na alama ya kuuliza
iliyokaziwa kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Nimeosha vioo vyote. Kiangulio sijakizima.
Kesho anaingia kijana kutoka Narva, mrefu kama mlingoti;
nimeinua meza kadiri inavyokubali.
Haitoshi. Yeye atainama zaidi.