Kisogo

Punda wa Famau alinigonga bega la kushoto
pale kichochoro cha Langoni kinapopinda.
Naapa sikuona punda. Niliona ukuta,
chokaa yake, ukungu wake, mzima.

"Ubongo hauvumilii tundu," alisema daktari.
"Penye tundu hutia kiraka."
Yaani ulimega kipande cha ukuta
ukakishonea juu ya punda.

Nikacheka. Miaka thelathini na minane natoboa vito vya kofia,
kumbe kichwani mna fundi mwenzangu,
hana sindano, hana uzi,
na kazi yake haionyeshi mshono.

Glakoma, akasema. Presha imekaba neva nyuma ya jicho,
na maradhi hayaishii hapo:
hufuata njia ya mwanga hadi kisogoni,
ambako ndiko kuona kwenyewe,
na huko nyama ya ubongo hukonda
kama nyumba isiyoletewa posho.

Kisogo!
Nimewapa wangapi kisogo, kwa hasira, pale barazani,
na kumbe ndicho kilichokuwa kikiwatazama.

Mama akisema mato hayana pazia.
Langu limeshushwa polepole, bila maumivu,
na juu yake pamechorwa ukuta.

Usiku Khuleta hunitia matone.
Kilichokufa hakirudi; tunalinda kilichobaki.
Jana aliinua kofia yangu mpya kwenye taa:
"Baba, huku umeruka safu tatu."
Nikapapasa. Kweli, kitambaa kitupu.
Lakini nilipaona pamejaa.
Bado napaona.