Bei kwa Herufi

Natoza kwa herufi, shilingi elfu moja na mia tano.
Nukta ni bure. Alama ya mshangao nalipisha,
maana Walokole wangenimalizia rangi.
Hivyo nawajua watu wa Arua kwa urefu wa imani yao.

Kinyozi wa Mvara alitaka DAMU YA MWANAKONDOO.
Nikamwuliza, damu, juu ya mlango wa wembe?
Akafikiri. Tukabaki na mwanakondoo.

Fadlmulla wa mtaa wa Oli, fundi pikipiki,
aliagiza INSHAALLAH GEREJI,
na ndilo jibu utakalopewa
ukimwuliza chombo chako kitapona lini.

Kule Ediofe mama wa duka la dawa alimtaka Bikira wa bluu.
Bluu ikaniishia magotini.
Nikamalizia kwa kijani. Hakunisamehe hadi Pasaka.

Na diwani Ondoma, majira ya kura,
turubai moja, pande mbili:
BWANA ASIFIWE huku, ASALAAM ALEIKUM kule,
"na iwe nyepesi kugeuza."
Upepo wa Desemba ukaigeuza mwenyewe, katikati ya hotuba.
Kwaya nzima ikaitikia, aleikum salaam,
kwani salamu ni salamu
na sukari ilikuwa haijagawiwa.

Mimi je?
Mimi husema "Mungu ni mwema" kama anayesafisha koo.
Mwenye nyumba akibisha kudai kodi: Mungu ni mwema.
Picha ya kifua cha mama, daktari kaiinua kwenye mwanga:
Mungu ni mwema, huku natazama sakafu.
Mtu hujibu "kila wakati",
na hapo tunajua mazungumzo yamefungwa.

Jumanne moja akaja Ayikoru, muuza samaki wakavu,
kajitwika mlango wa zamani, bawaba zingali zinalia.
"Andika ANGARA."
Nikangoja. Watu huongeza.
"Angara wa Neema? Angara wa Baraka? Nitakupunguzia."
"Angara. Wala usiweke nukta, hata kama ni bure."

Herufi sita. Sijawahi kuandika jina tupu namna ile;
mkono ulitaka kuendelea peke yake.

Soko likasema. Soko halina mlango.
Kwamba kajiunga na watu wa gizani.
Kwamba alimtukana Mungu usiku ule pale wodini,
mtoto akiwa bado ana joto.
Jirani yake, YEHOVA YIRE MAHARAGE,
akamwombea kwa sauti juu ya mizani, na mizani ikaendelea kudanganya.
Mchungaji akasimama mbele ya meza yake, na umati nyuma:
"Dada, wewe unamwamini nani?"
Ayikoru akamfungia samaki wawili kwenye gazeti,
akamrudishia chenji.

Ijumaa nikaenda kudai salio, elfu tatu.
Nilimkuta kwenye kigoda, viatu kavivua,
macho kafumba, midomo inatembea.
Nikadhani anahesabu mauzo, nikasimama.
Nzi mmoja alizunguka meza, akarudi, akazunguka.
Adhana ya Oli ikaanza, ikakutana na spika za watu wa mkesha,
zikapigana juu ya mabati mpaka moja ikachoka,
na midomo yake ikawa bado inatembea.

"Umenikatiza," akasema.
"Hesabu?"
Akanitazama.
"Haya. Hesabu."
Noti tatu za elfu, zenye harufu ya moshi na chumvi.

Jioni mwenye nyumba alikuwa mlangoni,
kaegemea palepale nilipozoea kumwona.
Nikafungua mdomo, neno likiwa tayari ulimini,
limeshalainika kwa kutumika.
Sijui kilichonipata.
Nikasema, "Sina."

"Kila wakati," akajibu, kwa mazoea,
na sote wawili tukabaki tumesimama,
tukisikiliza alichokisema.