Kizibo Kimoja

Mwezi wa Mei Malindi haina wageni.
Viti vimepinduliwa mezani, miguu juu,
na mimi, Nyevu binti Mwaringa, mtunza stoo,
nahesabu chupa kwa tochi ya simu
maana stima imekatika tangu saa kumi.

Chupa ya mwisho, rafu ya juu, nyuma ya vumbi:
ramu ya miaka kumi na minane.
Sinyora Ornella aliondoka Machi, akaniachia robo,
na kabla ya kuondoka akanifundisha kuinywa:
usiimeze kama dawa ya minyoo.
Ishike. Ingoje. Iache ijitambulishe.

Kitabuni nimeshaandika: pungufu, kizibo kimoja.

Rangi kwanza. Naiinua mbele ya tochi.
Si njano ya ukwaju, si wekundu wa chai kavu;
ni samli inayoanza kuyeyuka,
ni asali ya nyuki wadogo, ile ya kutafutwa kwa siku nzima.
Naizungusha. Inapanda ukutani mwa bilauri,
inashuka taratibu, michirizi michirizi,
kama mtu anayeona haya kutoka msibani mapema.

Halafu pua. Mdomo wazi kidogo, bila pupa.
Ndizi iliyoiva hadi ikaota madoa.
Lavani. Ganda la chungwa lililoanikwa juu ya bati.
Sukari guru ya chini ya sufuria, iliyonusurika kuungua.
Na nyuma kabisa, kama anayebisha hodi mlango wa uani,
harufu ya mbao: kabati la marehemu
likifunguliwa kugawa nguo.

Miaka kumi na minane ndani ya pipa!
Ilipotiwa humo nilikuwa kidato cha tatu.
Kwetu Msabaha kinywaji hakingoji mtu:
mnazi wa asubuhi mtamu, wa adhuhuri mkali,
wa kesho yake siki, mpe shangazi akaungie samaki.
Baba alipanda minazi kumi na tisa, asubuhi na jioni,
kotama kiunoni, kibuyu begani,
na kila alichoshuka nacho kilikuwa na umri wa usiku mmoja.

Sasa ulimi. Tone.
Linachoma ncha, kisha linakunja makucha,
linakuwa korosho, linakuwa tende,
tumbaku, punje moja ya pilipili manga,
na likishateremka
linaacha taa inawaka kifuani.

"Ongeza tone la maji," alisema Sinyora, "itafunguka."
Siku ile nilicheka hadi nikaweka trei chini.
Maji! Kwetu hilo ni tusi lenye methali yake.
Mgema akisifiwa... malizia mwenyewe,
mimi nilimaliziwa kila siku njia ya shule.
Kwa sababu baba alisifiwa, na ndiyo, alilitia maji,
mwaka ule wa ukame, mwaka ule wa karo yangu.
Wateja wakahamia kwa Jefwa. Hakujitetea.
Nami nilikuwa napita uchochoro wa nyuma
nisionekane natoka nyumba gani.

Nachovya kidole kwenye kikombe. Natia tone.
Na kweli, jamani, inafunguka:
mlangilangi, muwa mbichi chini ya jino,
na utamu fulani mnyonge ambao moto ulikuwa umeuficha.

Alinieleza pia kwamba pipa hupungua lenyewe;
kila mwaka fungu hupotea hewani,
na wenye ramu husema wamekunywa malaika.
Sisi hatukusubiri kuibiwa.
Baba alimwaga chini kwanza, kwa koma,
akiwataja mmoja mmoja, wa mwisho mama yake.
Yeye mwenyewe, tangu tumzike,
sijui kama kuna aliyemtaja.

Natoka kwa mlango wa jikoni. Mvua imepumzika.
Iliyobaki naimwaga mchangani, chini ya mvinje.
"Mwaringa wa Tsofa," nasema,
halafu maneno yananiishia.

"Ina maji kidogo."