Barua ya Sheha

Jumamosi usiku, dukani kwa Shaame fundi simu, Wete,
televisheni imekaa juu ya debe la rangi
na sisi kumi na mmoja tumetoa macho.
Chombo cha anga kinayumba.
Nahodha kavaa nguo ya fedha inayombana tumbo,
anabonyeza vitufe ambavyo, ukitazama vizuri,
ni vifuniko vya soda.
Tunacheka kabla hajafungua mdomo.

Sayari imebakiwa na dakika moja ipasuke,
pa! Umeme.
"Imepasuka kweli," akasema Mkasi gizani.

Basi tukaimaliza wenyewe.
Salhina akamshusha yule kiumbe wa macho matatu
Konde, nyuma ya skuli,
sheha akamuuliza: wewe wa shehia gani?
Barua huna? Rudi kwenu ukaandikiwe.
Kombo akasema hata, mikono minane hiyo,
mpandisheni mkarafuuni!
Mkasi akataka alipwe kwa pishi, kama sote,
na ugomvi ukawaka, wa kweli kabisa,
wa ujira wa mtu asiyekuwapo.

Umeme uliporudi nahodha alikuwa analia,
kwa huzuni, nadhani.
Kombo alicheka mpaka kibao kikamtupa.

Njiani kurudi Jadida
nuru moja ikapita juu ya minazi,
polepole, haina mlio.
Tukanyamaza, hata Kombo.
Salhina akakunja viganja mdomoni:
"We! Barua unayo?"